Hilali ya Dodoma na hilali ya kitabuni: jibu kwa mwalimu anayetaka kuanza kulisoma anga

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mkoani Dodoma ametuandikia kwamba ameweka akiba ya kununulia darubini, kwa kuwa anapenda kuijua elimu ya nyota na sayari yeye mwenyewe, kisha awafundishe wanafunzi wake wa darasa la sita na la saba. Anauliza mambo matatu: anunue darubini ya namna gani, kwa nini mwezi mchanga anaouona nje ya nyumba yake haufanani na ule uliochorwa katika kitabu chake, na awafanyie nini wanafunzi ambao shule yao haina kifaa chochote.

Mwalimu, naomba nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo bora kuliko yote matatu, na jibu lake ndilo litakalonisaidia kukushauri kuhusu fedha zako. Umeona tofauti kati ya kitabu na anga, na hukuharakisha kusema kwamba macho yako ndiyo yaliyokosea. Kazi yote ya elimu hii huanzia hapo.

Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Mahali kama hapo jua linapokuchwa hushuka karibu wima, kama jiwe linalotumbukia kisimani, na ndiyo maana giza hutuingilia upesi. Mwezi nao husafiri karibu katika njia ileile ya jua, kwa hiyo siku mbili au tatu baada ya kuandama, unapoutazama jioni, jua lililokwisha kuzama liko chini yake. Kwa kuwa upande unaong'aa wa mwezi daima ni ule uliolielekea jua, nuru huwa chini na pembe mbili huwa juu, na hilali hulala kama mtumbwi ulioegeshwa. London, iliyo zaidi ya nyuzi 51 kaskazini, jua huzama kwa mshazari likielekea kulia. Linakuwa chini na kuume kwa mwezi, na hilali husimama ikifungua mdomo wake upande wa kushoto. Ukienda Cape Town, picha hiyo hugeuka kulia kuwa kushoto. Kitabu chako hakikosei. Kilichorwa na mtu aliyekuwa akitazama anga la kaskazini, kikasomwa na mtu wa Dodoma.

Ukiendelea kutazama kwa mwaka mzima utagundua kwamba hata mtumbwi huo wetu haulali vilevile kila mwezi. Karibu na Machi, kwa mtu anayeelekea magharibi, pembe zake huinamia kulia. Karibu na Septemba huinamia kushoto. Sababu ni kwamba njia ya jua na mwezi mbinguni imeinama nyuzi 23 na nusu ukilinganisha na mstari wa ikweta ya anga, yaani mstari wa mbinguni uliokaa juu ya ikweta ya dunia, hivyo katika miezi fulani hukutana na upeo wa macho ikiwa imelalia kaskazini, na katika mingine ikiwa imelalia kusini. Wazee wa pwani wanaopanda juu ya paa au kusimama ufukweni kuusaka mwezi mwandamo wa Ramadhani wanajua kwa mazoea ni upande gani wa mahali lilipozama jua watupie macho, na mazoea hayo ni uchunguzi wa anga wa kweli, uliofanywa kwa vizazi vingi bila kioo chochote.

Jambo moja zaidi kuhusu mwezi, kwa sababu wanafunzi wengi na watu wazima wengi hulikosea: kupungua na kuongezeka kwa mwezi hakusababishwi na kivuli cha dunia. Kivuli cha dunia huufikia mwezi wakati wa kupatwa kwa mwezi tu, na hilo hutokea mwezi ukiwa mpevu. Siku nyingine zote, nusu ya mwezi imeangazwa na jua kama kawaida, nasi tunaiona nusu hiyo kwa pembe tofauti. Mpe mwanafunzi chungwa lililochomekwa kijiti, azunguke nalo polepole katika chumba chenye giza na taa moja tu, akiwa amenyoosha mkono na kuliinua chungwa juu kidogo ya kichwa chake. Ataona hilali, nusu na mpevu zikipita mbele yake kwa zamu, na hatasahau tena.

Sasa darubini. Ushauri wangu ni kwamba usiinunue mwaka huu. Nasema hivyo nikikumbuka darubini yangu ya kwanza, ambayo sanduku lake lilitangaza kwamba hukuza mara 525. Miguu yake ilitikisika kila nilipoigusa, nyota iliruka nje ya kioo kabla sijaitambua, na kwa ukuzaji huo kila kitu kilikuwa doa la ukungu. Baadaye nilielewa kwamba nguvu ya darubini hutegemea upana wa kioo chake kinachokusanya nuru, na kwamba ukuzaji unaofaa hauzidi takriban mara mbili ya upana huo ukipimwa kwa milimita. Darubini yenye kioo cha milimita 60 inafikia ukomo wake karibu na mara 120, hata sanduku liseme nini. Kinachouzwa kwa kutaja ukuzaji peke yake kiachwe dukani.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito kuliko fedha. Darubini huonyesha kipande cha anga ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko ncha ya kidole chako cha mwisho ukinyoosha mkono, na mtu asiyejua nyota zimepangwaje hawezi kuielekeza popote isipokuwa mwezini. Jipe mwaka mmoja wa macho na daftari. Baada ya miezi michache, ukiona hamu haijapungua, nunua darubini ndogo ya macho mawili, ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50: namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa kioo kwa milimita. Mboni ya jicho lililozoea giza hufunguka hadi kama milimita 7, kwa hiyo kioo cha milimita 50 hukusanya nuru mara 50 hivi kuliko jicho tupu. Kwa chombo hicho, ukiwa umeegemeza viwiko ukutani, utaona makovu ya mwezi, na utaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii ikiwa vidoa vinavyobadili mahali kila usiku, ileile ambayo Galileo Galilei, mtaalamu wa Italia, aliiona mwanzoni mwa mwaka 1610 akatambua kwamba si kila kilichoko mbinguni huizunguka dunia. Pete za sayari ya Zohali hutazipata. Hizo zinataka ukuzaji wa mara 25 au 30 na kishikizo kisichotikisika. Ukifika huko, tafuta darubini ya kioo cha kuakisi chenye upana wa milimita 150, iliyokalia kitako rahisi cha mbao kinachozunguka, kile kiitwacho kitako cha Dobson.

Anga lako, Mwalimu, ni hazina ambayo mtu wa Ulaya hulazimika kupanda ndege kuja kuiona. Karibu na ikweta, kwa muda wa mwaka mmoja, takriban nyota zote za mbinguni hupita juu ya upeo wetu, za kaskazini na za kusini. Mkoa wako ni mkavu, na kuanzia Mei hadi Oktoba mawingu ni machache. Toka nje ya mji kidogo wakati hakuna mbalamwezi, subiri kwa muda wa dakika 70 au 75 baada ya jua kuchwa ili mwanga wa machweo uishe kabisa, na uyape macho nusu saa bila kutazama simu. Taa ikibidi, iwe nyekundu, kwa kuwa nuru nyekundu haiharibu sana uwezo wa jicho kuona gizani.

Anza na Kilimia, kwa sababu jina lake limetokana na kulima na wakulima wetu walilitumia kama kalenda. Ni kikundi kidogo cha nyota kilichosongamana. Wengi huhesabu sita, wenye macho makali huzidisha, na darubini ya macho mawili huonyesha kadhaa wa kadhaa. Kiko umbali wa kama miaka ya nuru 440, maana yake nuru unayoiona usiku huu iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana yake, kwa kuwa dunia inasonga katika njia yake kulizunguka jua, na dakika hizo nne hufika saa mbili kwa mwezi. Ndiyo sababu Kilimia hupotea katika mwanga wa machweo mwezi Mei, huonekana tena alfajiri mwezi Juni, na kufikia Novemba huchomoza jioni mashariki, wakati mkulima wa Dodoma anapotayarisha shamba akingoja mvua. Wahenga waliyaweka hayo katika maneno machache: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukimfafanulia mwanafunzi methali hiyo kwa dakika nne za kila siku, utakuwa umemfundisha mzunguko wa dunia.

Baada ya Kilimia hufuata nyota ya rangi ya chungwa iitwayo Aldebaran, na jina hilo ni la Kiarabu lenye maana ya afuataye. Kisha huja Jabari, yule mwindaji mwenye mkanda wa nyota tatu zilizojipanga. Majina mengi ya nyota duniani ni ya Kiarabu, na msemaji wa Kiswahili ana urahisi hapo: Rigel, nyota ya buluu iliyo katika mguu wa Jabari, ni neno rijl, yaani mguu. Mkanda wa Jabari uko karibu kabisa juu ya ikweta ya anga, kwa hiyo huchomoza mashariki halisi na kuzama magharibi halisi, popote ulipo duniani. Mwezi Februari mapema usiku utaukuta karibu na utosi wako. Chini ya mkanda huo tafuta nyota zinazofanya upanga. Ile ya katikati inaonekana kama imefutwa kwa kidole, na kweli si nyota moja, ni wingu la gesi na vumbi, umbali wa kama miaka ya nuru 1,300, ambamo nyota mpya zinazaliwa hadi sasa.

Mwezi Mei, karibu na saa tatu usiku, geukia kusini, utaona Msalaba wa Kusini umesimama wima. Refusha mhimili wake mrefu kuelekea chini mara nne na nusu, nawe utafika kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo kwa Dodoma iko nyuzi sita tu juu ya upeo. Usiku huohuo geuka nyuma, na kaskazini utaziona nyota saba za Dubu Mkubwa zikiwa zimepinduka. Watu wa London hawauoni Msalaba, watu wa kusini kabisa mwa dunia hawamwoni Dubu, nawe unawaona wote wawili kwa kugeuza shingo. Kisha njoo Julai na Agosti, wakati kundi la nyota liitwalo Nge linapopanda juu likiwa na nyota nyekundu moyoni, na nyuma ya mkia wake Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nuru ya nyota, inakuwa nene kuliko mahali pengine popote. Unatazama upande wa kitovu cha galaksi yetu, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota ambamo jua letu limo, kilicho umbali wa kama miaka ya nuru 26,000. Mapengo meusi yanayoigawa njia hiyo ni mawingu ya vumbi yaliyoziba nuru ya nyota za nyuma yake. Mimi nimeyatazama kwa miaka mingi na bado hunichelewesha kulala.

Manahodha wa pwani yetu walilitumia anga hili kama ramani. Kaskazini waliiita jaa, kwa jina la nyota ya ncha ya kaskazini, na kusini suheli, kwa jina la nyota angavu ya kusini ambayo Wazungu huiita Canopus. Nyota ya jaa haionekani Dodoma wala Zanzibar, kwa kuwa iko chini ya upeo. Jahazi likipanda na upepo wa kusi na kuvuka ikweta, nyota hiyo hujitokeza na kuinuka kadiri safari inavyosonga, hadi Maskati inakuwa takriban nyuzi 23 na nusu juu ya bahari, ambazo ndizo nyuzi za mji wenyewe. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliupima urefu huo kwa kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo ulioshikwa kwa meno, na hivyo wakajua wako wapi.

Kuhusu sayari sitakupa tarehe, kwa sababu hazitulii mahali pamoja. Zuhura utaitambua kwa mwangaza wake, na daima iko upande wa jua, ama magharibi jioni ama mashariki alfajiri, kwa kuwa haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47. Sayari hazimetimeti kama nyota. Kwa mengine, programu ya bure ya Stellarium itakuonyesha anga la usiku wowote. Hakikisha tu kwamba umeiwekea Dodoma kuwa mahali pako, vinginevyo itakurudishia tatizo lilelile la kitabu.

Sasa wanafunzi wako. Chukua mpira wa miguu wenye upana wa sentimita 22 uwe dunia. Mwezi utakuwa limau la sentimita 6, na kabla hujauweka, waambie watoto waonyeshe wanadhani unakaa wapi. Karibu wote watauweka hatua moja kutoka kwenye mpira, kwa sababu ndivyo vitabu vinavyochora ili picha ienee ukurasani. Mahali pake pa haki ni mita 6 na nusu hivi. Jua kwa kipimo hicho ni tufe la mita 24, lililo umbali wa kilomita 2 na nusu na ushee, na nyota ya jirani, Alfa Centauri, iko umbali wa kama kilomita 700,000, karibu mara mbili ya umbali halisi kutoka hapa hadi mwezini.

Kisha simika uwanjani kijiti kilichonyooka, mita moja juu ya ardhi, na mpime kivuli chake kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Karibu na tarehe 21 Juni kivuli hicho kitaelekea kusini kikiwa na sentimita 57 hivi. Karibu na tarehe 21 Desemba kitaelekea kaskazini na kuwa sentimita 31 hivi. Siku mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba, kivuli kitatoweka chini ya kijiti, jambo ambalo mtoto wa Ulaya hawezi kulishuhudia kwao. Wanafunzi wa darasa la saba wakichora pembetatu za Juni na Desemba kwa kipimo, wakapima kwa kipimapembe ni nyuzi ngapi jua lilikuwa mbali na utosi, wakatoa ndogo katika kubwa na kugawa kwa mbili, watapata nyuzi sita: watakuwa wamepima mahali pa shule yao duniani kwa kijiti na rula.

Watagundua pia kwamba jua halifiki juu saa sita kamili. Saa zetu za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nayo Dodoma iko karibu na nyuzi 35 na robo tatu, na kila nyuzi ni dakika nne, kwa hiyo adhuhuri yenu huchelewa kwa wastani wa dakika 37. Oktoba huwahi kidogo, karibu saa sita na dakika 25, na Machi huchelewa zaidi, karibu saa saba kasoro dakika 12, kwa sababu njia ya dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama.

Watakuuliza habari za roketi, na hapo usiende mbali. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za mbinguni ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kutambua kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Pwani ilichaguliwa kwa sababu ya ikweta: hapo dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki hupewa mwendo huo bure. Na wakitaka kugusa kitu kilichotoka huko juu, kuna kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, pande la chuma na nikeli lenye uzito wa takriban tani 16.

Onyo moja ni lazima uwape kabla ya yote: asielekeze mtu darubini yoyote kwenye jua, wala kulitazama kwa macho, hata likiwa limepatwa. Wengi wanaukumbuka mkusanyiko wa Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipobaki kama pete. Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, jua litapatwa kabisa kule Luxor na Makka, na kwenu litafunikwa kwa sehemu tu mchana huo. Wageuze watoto walipe jua kisogo, wasimame chini ya mwembe na kutazama ardhini: kila upenyo mdogo kati ya majani utaangusha taswira yake ya jua, na pale ambapo kila siku kuna viduara vya mwanga, watahesabu mamia ya majua yaliyomegwa.